Miguu Haikugusa Chini: Kisa cha Kop ya Kusimama

Tarehe 30 Aprili 1994 Liverpool ilifungwa nyumbani na Norwich City bao 1-0. Msimu wenyewe haukuwa na lolote la kujivunia. Liverpool ilimaliza ligi katika nafasi ya 8. Hata hivyo, waulize mashabiki wa Anfield, uwanja wa Liverpool, waliokula chumvi kidogo, watakusimulia mchana ule kuliko wanavyosimulia fainali kadhaa. Ilikuwa mechi ya mwisho ambayo watu walisimama kwenye Kop, jukwaa la nyuma ya lango, kabla halijabomolewa na kuwekewa viti. Mfungaji, Jeremy Goss, akaingia katika historia kwa mlango wa uani: mtu wa mwisho kutikisa nyavu mbele ya Kop ya kusimama, na wala hakuwa wa kwao.

Nimekuwa nikisoma na kusikiliza simulizi za watu waliosimama pale, na jambo moja hujirudia hata kwa wasiojuana. Wakifika kwenye kilele cha hadithi, karibu wote husema kwamba miguu yao haikugusa chini. Wanasema kwa fahari. Nitalishika neno hilo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu naona kisa kizima kimo ndani yake.

Kilima chenye jina la msiba

Jina la Kop limetoka Afrika. Januari 1900, katika vita vya Waingereza na Makaburu, askari wa Uingereza walipanda usiku kilima cha Spion Kop huko Natal, Afrika Kusini. Kulipopambazuka walijikuta wamebanana kwenye handaki fupi lisilo na kina, huku Makaburu wakiwalenga kutoka vilima vya jirani. Kwa Kiafrikana jina hilo ni kilima cha upelelezi. *Kop* yenyewe ni kichwa. Wengi waliokufa walikuwa wa vikosi vya Lancashire, eneo ambalo Liverpool ilikuwa sehemu yake. Basi klabu ilipojenga mwinuko mkubwa nyuma ya lango mwaka 1906, mhariri wa michezo wa gazeti la mjini, Ernest Edwards, akapendekeza uitwe Spion Kop. Viwanja vingine vya Uingereza navyo vina Kop zao, lakini ukitaja Kop bila kuongeza neno, watu wanaelewa ni ya Anfield.

Mwaka 1928 mwinuko huo ulipanuliwa na kuezekwa, ukawa na uwezo wa kubeba watu wanaokaribia 30,000. Paa lina umuhimu wake katika hadithi hii. Sauti iliyokuwa ikipotelea hewani sasa ilirudi chini kwa walioitoa, nao wakaimba zaidi kwa kuwa walijisikia.

Ujenzi wake ulikuwa rahisi: ngazi pana za zege zinazoshuka hadi karibu na uwanja, na hapa na pale vizuizi vya chuma vya kimo cha kiuno, vilivyopangwa kwa kupishana ili uzito wa umati usishuke wote kwa pamoja. Viti havikuwepo, wala namba. Kwa miaka mingi ulilipa getini, ukapita kwenye chuma cha kuzunguka, ukapanda, ukachagua mwenyewe pa kusimama na wa kusimama naye.

Wanachokumbuka

Kwanza ni mahali. Kila aliyesimama Kop ana "mahali pangu", na atakuelekeza kwa vizuizi kama mtu wa mashambani anavyokuelekeza kwa miti: kulia kidogo ya lango, kizuizi cha pili kutoka juu. Majirani walikuwa walewale kila Jumamosi. Unamjua mtu miaka kumi kwa sauti yake, kofia yake na matusi yake, na jina lake hulijui.

Kuchagua mahali kulikuwa na elimu yake. Mgeni alikiona kizuizi akafurahi kupata pa kuegemeza mikono, akasimama nyuma yake. Bao likikaribia, ngazi zote za juu zikamshukia, na chuma kikamngoja kwenye mbavu. Mwenyeji alisimama mbele ya kizuizi, mgongo kwenye chuma, ili wimbi likomee nyuma yake. Hilo hulijui mpaka upate mtu wa kukufundisha, kwa kawaida baba, kaka au mjomba, au kizuizi chenyewe.

Kisha mwendo. Hapa ndipo simulizi zinapochangamka. Mpira ukielekea kona, maelfu ya shingo zilinyooka upande mmoja, na mwili hufuata shingo. Wa juu wakamwegemea wa chini, wa chini akamwegemea aliye mbele yake, na ghafla umeshuka ngazi kumi bila kupiga hatua. Baadaye umati ulirudi nyuma, nawe ukarudi nao, wakati mwingine karibu na pale ulipoanzia, wakati mwingine mbali kabisa na rafiki yako hadi kipyenga cha mwisho. Ukiinua mikono kushangilia, hukuweza kuishusha. Kiatu kikivuka mguu, ndiyo kwaheri yake.

Ya kale hayanuki, wanasema wahenga, lakini haya yananuka. Hakuna kumbukumbu ya Kop isiyofika kwenye mkojo. Waliowahi mapema kupata mahali pazuri, saa mbili au tatu kabla ya mechi, hawakuwa na njia ya kwenda chooni wala ya kurudi. Walikojoa pale pale. Wastaarabu walikunja gazeti kama bomba ili angalau lielekee chini. Utani maarufu wa Anfield ni wa mtu kuhisi joto kwenye mguu wa suruali, akageuka, akamkuta jirani anatazama mpira kwa utulivu mkubwa. Siku za baridi mvuke ulipaa kutoka kwenye miili iliyolowa, na wanaosimulia huutaja kama mtu anayetaja ukungu wa kijijini kwao.

Waliozimia walinyanyuliwa, wakapitishwa juu ya vichwa mkono kwa mkono hadi chini kwa watoa huduma ya kwanza. Watoto walikuwa na zizi lao kwenye kona ya juu, Boys' Pen, ambako kwa mujibu wa waliopitia kulikuwa na vurugu kuliko Kop yenyewe. Ushujaa wa mvulana ulikuwa kutoroka, kupanda kwenye vyuma vya paa na kudondokea kwa wakubwa.

Na nyimbo. Miaka ya 1963 na 1964 vijana wa Liverpool walikuwa wametawala chati za muziki, na Kop ikaimba walichokisikia redioni. "You'll Never Walk Alone", iliyorekodiwa na Gerry and the Pacemakers wa hapo hapo mjini, ilishika namba moja mwaka 1963 na haijaondoka Anfield tangu hapo. Kop pia ilikuwa na adabu yake ya ajabu. Golikipa wa timu pinzani alipokimbilia lango lile alipigiwa makofi. Na Leeds United walipotwaa ubingwa Anfield Aprili 1969 kwa sare ya 0-0, dhidi ya Liverpool waliokuwa wakiwafukuzia, Kop iliwaita mabingwa na kuwashangilia.

Nikiri upungufu wa ushahidi huu. Anayesimulia mara nyingi ni mwanamume, alikuwa kijana, alikuwa na mwili wa kuhimili. Wanawake walikuwepo, wengine kila wiki kwa miaka mingi, lakini wao hutaja na mikono iliyotumia msongamano kama kificho. Wazee na wafupi walihamia pembeni au wakaacha kuja. Kuna na yale ambayo majukwaa ya Uingereza yaliyaimba na kuyarusha bila aibu: John Barnes, aliyejiunga na Liverpool mwaka 1987, alipigwa picha Februari 1988 kwenye uwanja wa Everton akiisukuma kwa kisigino ndizi iliyorushwa uwanjani. Shabiki mweusi aliyeitazama picha ile hakuhitaji kuambiwa kwa nini hakuona mahali pake kwenye ngazi za zege, zile wala hizi. Simulizi za "sote tulikuwa kitu kimoja" ni za kweli kwa waliokuwemo.

Kitu kilekile

Turudi kwenye miguu isiyogusa chini. Ni maneno ya furaha, lakini mhandisi akiyasikia anashtuka. Mwamerika John Fruin, aliyechunguza mienendo ya umati, alieleza kwamba msongamano ukifika kama watu saba kwa mita moja ya mraba, umati unaanza kutenda kama kimiminika. Mawimbi yanapita ndani yake. Mtu ananyanyuliwa, anasogezwa mita kadhaa, anavuliwa viatu. Ukiisoma orodha hiyo kando ya kumbukumbu za Kop, unaona ni orodha moja. Raha iliyosimuliwa kwa miaka 90 na hali ambayo watu hufa wakiwa wima zinatokana na chanzo kimoja: mwili wako umeacha kuwa chini ya amri yako.

Hapo sikubaliani na wanaosema raha ilikuwa upande mmoja na hatari upande mwingine, ati ingewezekana kuondoa hii ukaiacha ile. Kilichofanya bao la dakika ya mwisho likae mwilini kwa miaka 40 ni kule kutupwa na wenzako.

Kilichoamua kama wimbi litakuwa hadithi au msiba kilikuwa jambo dogo: je, lina pa kurudi? Umati ukishuka, ukakuta nafasi mbele au pembeni, unapumua na kurudi. Ukikuta ukuta, wimbi linalofuata linakuja juu ya lile la kwanza. Binadamu haponzwi na mifupa kuvunjika. Kifua kinakosa nafasi ya kupanuka, na hewa haingii.

Uingereza ilikuwa imeonywa mara nyingi. Watu 33 walikufa katika uwanja wa Burnden Park, Bolton, mwaka 1946, vizuizi viwili vilipoanguka. Watu 66 walikufa kwenye ngazi za kutokea za uwanja wa Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971. Ngazi hizo hizo zilikuwa zimeua wawili mwaka 1961. Baada ya Ibrox ikaja sheria ya usalama wa viwanja ya mwaka 1975, na mwongozo wenye hesabu za watu wangapi wasimame wapi. Hesabu ziliandikwa. Nani azisimamie saa tisa kasoro alasiri, umati ukiwa getini, ni habari nyingine.

Sheffield

Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool ilicheza nusu fainali ya Kombe la FA na Nottingham Forest katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Mashabiki wa Liverpool waliosimama walipewa upande wa Leppings Lane. Jukwaa hilo lilikuwa limeshawabana watu: mwaka 1981, katika nusu fainali nyingine, mashabiki 38 wa Tottenham waliumia hapo. Hatua iliyofuata ilikuwa kuligawa kwa nyua za chuma kutoka juu hadi chini, mbali na uzio uliokuwa tayari mbele kuwazuia watu wasiingie uwanjani. Yakawa mazizi. Wimbi lililoingia humo halikuwa na pembeni wala mbele.

Saa 8:52 alasiri polisi walifungua geti kubwa ili kupunguza msongamano wa nje, bila kufunga njia ya chini iliyoelekea moja kwa moja kwenye mazizi ya katikati yaliyokwisha jaa. Waliokufa ni 97, wa mwisho akiwa amefariki mwaka 2021 kutokana na majeraha ya siku ile. Ilichukua hadi tarehe 26 Aprili 2016 kwa baraza la uchunguzi wa vifo kutamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Kuna jambo katika shuhuda za manusura ambalo naliona ndilo kiini cha kisa. Wengi walisema mwanzoni hawakuogopa. Walibanwa wakadhani ni msukumo wa kawaida. Wamezoea, utapita kama unavyopita Kop. Na polisi waliokuwa wakitazama waliona watu wanapanda uzio wakadhani ni fujo, kwa kuwa nao walizoea kuliona jukwaa kwa jicho hilo. Mazoea yaliwafunga macho wote, kila upande kwa namna yake. Elimu ile ya mbele na nyuma ya kizuizi, ya kushusha pumzi na kungoja wimbi lirudi, siku hiyo haikuwa na kazi. Katika zizi namba 3 kizuizi kimoja kilivunjika.

Anfield ilifungua mageti yake kesho yake. Maua yalijaa kuanzia lango la Kop hadi kukaribia katikati ya uwanja. Juu, kwenye zege tupu, watu walifunga skafu kwenye vizuizi. Yale maelezo ya "mahali pangu" niliyoyataja juu yalikuwa na matumizi mapya: aliyejua rafiki yake alisimama kizuizi gani, alijua pa kufunga.

Uamuzi, na bei yake

Jaji Peter Taylor, aliyepewa kazi ya kuchunguza msiba wa Hillsborough, alitoa ripoti ya mwisho Januari 1990. Wengi wanaoitaja hawajaisoma, kwa hiyo niseme waziwazi: hakuandika kwamba kusimama kwenyewe ni hatari isiyoepukika. Aliona viti ndiyo hatua moja inayosaidia usalama kuliko nyingine, na akapendekeza viwanja viwe vya kukaa watu wote. Serikali ikayaweka masharti hayo kwa madaraja mawili ya juu ya ligi pekee, ukomo ukiwa Agosti 1994. Ndiyo maana ya tarehe ile ya mechi na Norwich.

Kwa miaka mitano, basi, waliofiwa na walionusurika waliendelea kusimama kwenye jukwaa lao wenyewe. Wasiojua huuliza iliwezekanaje. Sioni ugumu wake. Kop haikuwa Leppings Lane. Waliijua tofauti hiyo kwa ngozi yao. Lakini pia wapo ambao baada ya Sheffield hawakuweza tena kusimama katikati, wakahamia kwenye viti au wakabaki nyumbani. Upenzi wa jukwaa na woga wa jukwaa uliishi katika familia moja, pengine katika kifua kimoja.

Je, uamuzi ulikuwa sahihi? Kwa majukwaa yaliyokuwepo, ndiyo. Zege la mwaka 1906, mageti ya kuhesabu kwa kukisia na utamaduni wa kuona kubanwa kuwa ni kawaida havikuwa vitu vya kupakwa rangi na kuendelea navyo. Kosa liko mahali pengine. Taylor alitoa mfano wa Ibrox, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na kusimama pauni 4, kuonyesha kwamba viti havikulazimu kumfukuza mwenye pato dogo. Sehemu hiyo ya ripoti haikuwa na sheria nyuma yake. Kop mpya ilichukua watu 12,000 na ushei, chini ya nusu ya ile ya enzi zake, na miaka iliyofuata bei nchini kote zilipaa. Kijana aliyekuwa akilipa getini na kwenda kusimama na wenzake watano sasa alihitaji tiketi sita za mfululizo. Ukisikiliza vizuri malalamiko ya "viti viliua kelele", nusu yake ni habari ya pesa.

Februari 2016 hilo lilijidhihirisha. Klabu ilitangaza tiketi za pauni 77 kwenye jukwaa kuu jipya, na katika mechi na Sunderland maelfu ya mashabiki, wa Kop wakiwa mbele, waliinuka dakika ya 77 na kutoka. Liverpool ilikuwa inaongoza 2-0, ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki wakaufuta mpango. Watu wa viti, kumbe, bado waliweza kwenda kama wimbi.

Chuma kila safu

Ujerumani haikuacha kusimama. Upande wa kusini wa uwanja wa Dortmund hubeba karibu watu 25,000 wima katika mechi za ligi. Uingereza ilirudi taratibu. Mwaka 2017 jumuiya ya mashabiki wa Liverpool, Spirit of Shankly, iliendesha kura baada ya mazungumzo marefu yaliyowahusisha familia za waliofiwa na manusura. Walipiga kura karibu watu 18,000, na asilimia 88 wakaunga mkono viti vya reli. Walikuwemo waliopinga kwa uchungu, na sina neno la kuwaambia. Majaribio rasmi yalianza tarehe 2 Januari 2022, Chelsea ikiikaribisha Liverpool, miaka 51 kamili baada ya Ibrox. Msimu uliofuata klabu ziliruhusiwa kuomba kibali.

Viti vya reli ni hivi: kila safu ina chuma cha kimo cha kiuno mbele yake, na kiti kinachokunjwa. Mtu mmoja, nafasi moja, namba moja. Hairuhusiwi kuuza hata nafasi moja zaidi ya viti vilivyopo. Elimu ya wapi pa kusimama imepitwa na wakati, maana kila mtu ana kizuizi mbele na kingine nyuma, na wimbi likijaribu kuanza linakufa kwenye safu ya kwanza.

Wazee wa Kop ya zamani wakiletwa hapo husifu sauti. Wengine hushika chuma na kucheka. Kisha Liverpool inafunga, watu wanaruka, wanakumbatiana, vinywaji vinamwagika. Mzee anatazama chini, anaona viatu vyote viwili, na amesimama kwenye namba yake.